Vikombe vimelia Bahati, simu haina habari: nani anaisikiliza Menengai?

Swali limetoka kwa mwalimu wa jiografia anayeishi Bahati, Nakuru. Anaandika: "Mwezi uliopita, usiku, tulisikia kishindo kifupi, madirisha yakatetemeka, vikombe vikalia kwenye kabati, kisha kimya. Baada ya siku chache kikarudi. Nilifungua programu ya matetemeko kwenye simu, hakuna kitu. Majirani wamegawanyika. Wengine wanasema Menengai inaamka, wengine wanalaumu visima vya mvuke, na wapo wanaosema wakubwa wanajua ila wanatuficha. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wananiuliza nami sina la kuwaambia. Je, kuna anayeusikiliza mlima huu? Na akisikia kitu, ataweza kutuambia mapema?"

Mwalimu, asante kwa swali. Nianze na jirani anayesema mnafichwa, maana jibu lake ndilo fupi.

Programu za simu haziisikilizi ardhi ya Bahati. Huchota orodha zilizoandaliwa na mitandao ya kimataifa, hasa ule wa Shirika la Jiolojia la Marekani, na kwa sehemu kama yetu, ambako stesheni za kupima mitetemo ni za kuhesabu, orodha hizo huanzia ukubwa wa 4 au 4.5 hivi. Stesheni ya Kenya inayotegemewa na mitandao hiyo iko Kilima Mbogo, ng'ambo ya Thika, takriban kilomita 160 kutoka kwako kwa mstari ulionyooka. Mtetemo uliotikisa vikombe vyako, nikiusoma kwa maelezo yako, huenda haukufika hata 3. Tetemeko la ukubwa wa 2 likitokea kilomita mbili au tatu chini ya nyumba, mwenye nyumba atalisikia kama kishindo cha sekunde moja, na aliye Njoro ataendelea kukoroma. Wala usidhani 2 ni nusu ya 4. Kila ngazi moja ukipanda, mtikisiko huzidi mara 10 na nishati mara 32 hivi, kwa hiyo tetemeko moja la 4 lina nishati ya matetemeko 1,000 ya ukubwa wa 2. Hayo madogo yakifika Kilima Mbogo yameshazama kwenye kelele za upepo na magari.

Kuyasikia kunataka masikio ya karibu, na masikio hayo yapo. Mtandao wa kitaifa wa vipima mitetemo unasimamiwa na Chuo Kikuu cha Nairobi. Menengai kwenyewe, kampuni ya serikali ya jotoardhi, ile tunayoiita GDC, imekuwa ikirekodi mitetemo midogo kuizunguka kaldera, yaani lile bonde kubwa la volkano iliyoporomoka, tangu siku za mwanzo za uchimbaji ulioanza mwaka 2011. Ningefurahi kuona orodha ya mitetemo hiyo ikibandikwa kila wiki mahali ambapo mwananchi anaweza kuisoma, kwa sababu pasipo na habari uvumi hujijengea nyumba. Lakini kunyamaza kwa simu yako si ushahidi wa siri yoyote.

Sasa wanafunzi. Hao ningewaanzishia kwenye kifaa chenyewe, maana ukishajua kinachoweza kusikika na kisichoweza, nusu ya maneno ya mtaani yanajibika yenyewe.

Stesheni ya mitetemo haina fahari. Ni shimo la mita moja hivi, chini yake sakafu ndogo ya zege iliyoshikana na mwamba. Haifai kuikalisha juu ya ule udongo wenu wa majivu ya volkano, ambao hucheza ukiguswa. Juu ya zege kinakaa kipima mitetemo, chombo cha mviringo unachoweza kukibeba kwa mkono mmoja. Ndani kuna uzito ulioning'inizwa kwa springi, pamoja na koili na sumaku. Ardhi ikisogea ghafla, uzito hubaki nyuma kidogo, na tofauti hiyo hugeuka umeme. Mifumo hiyo ni mitatu: mmoja husoma kwenda juu na chini, wa pili kaskazini na kusini, wa tatu mashariki na magharibi. Fundi hulala kifudifudi kwenye mdomo wa shimo akizungusha skrubu za miguu hadi kitone cha hewa kitulie katikati ya pimamaji. Kisha hukielekeza chombo kaskazini, na hapo dira humtesa, maana lava ina madini ya chuma yanayoivuta sindano. Baada ya hapo ni kufunika, kufukia, na kuunganisha betri, paneli ya sola na antena ya GPS. Antena hiyo ipo kwa ajili ya saa. Saa ikikosea nusu sekunde, tetemeko linahama kilomita mbili au zaidi kwenye ramani. Adui wakubwa wa stesheni ni panya, ambao hutafuna waya, na wapenzi wa paneli za sola, ambao wana miguu miwili.

Chombo hicho hupima mara 100 au zaidi kwa kila sekunde, mchana na usiku, na kinachorekodiwa kwa wingi ni takataka. Malori ya barabara kuu ya Eldoret yanaonekana. Ng'ombe anayejikuna kwenye nguzo ya uzio anaonekana. Upepo ukiitikisa mikaratusi, mizizi huitikisa ardhi, nao unaonekana. Kazi ya mchambuzi ni kutenganisha. Lori hupanda polepole kwenye mstari, likafika kilele, likashuka polepole vilevile. Tetemeko halipigi hodi: mstari umetulia, mara unaruka. Huo mruko wa kwanza ni mawimbi ya P, yanayosukuma na kuvuta mwamba katika mwelekeo yanakokwenda. Baada ya muda mfupi unakuja mruko wa pili, mara nyingi mkubwa zaidi. Hayo ni mawimbi ya S, yanayoutikisa mwamba kwa ubavu na kusafiri polepole zaidi. Waulize wanafunzi kama walisikia mpigo mmoja au miwili. Aliye karibu sana na chanzo husikia mmoja tu, kwa sababu wa pili haukupata nafasi ya kuachwa nyuma.

Pengo kati ya P na S ndilo linalotoa umbali. Katika mwamba wa volkano uliojaa nyufa, chukua P iwe kilomita 5 kwa sekunde na S kama 2.9. Ukipiga hesabu, kila sekunde moja ya pengo ni takriban kilomita 7. Stesheni ikionyesha pengo la sekunde 0.9, tetemeko liko kilomita 6 hivi kutoka hapo. Kaldera ya Menengai ina urefu wa kilomita 12 na upana wa 8, kwa hiyo pengo hilo laweza kukutoa ukingoni hadi katikati yake. Ila hujui upande gani, na hujui ni umbali wa kwenda pembeni au wa kwenda chini. Hapo ndipo stesheni nyingine zinahitajika. Usiyoyajua ni manne: pande mbili za ramani, kina, na saa ya kutokea. Kwa hiyo unahitaji vipimo visivyopungua vinne, na mwenye busara hutaka vingi kuliko hivyo.

Kina ndicho kigumu kuliko vyote, na ndicho watu hukitaja kwa urahisi kuliko vyote. Kama stesheni ya karibu iko kilomita 10 kutoka kwenye chanzo, na chanzo kiko kilomita 3 chini, umbali wa kufika hapo haubadiliki sana hata ukikisogeza chanzo kilomita moja juu au chini. Tarakilishi itakupa namba tu, kwa kuwa haina haya. Lakini namba hiyo haina uzito. Kanuni tunayoishika ni kwamba stesheni moja angalau iwe karibu na mahali palipo juu ya tetemeko, umbali wake usizidi sana kina chenyewe. Ukisikia mtu redioni anasema tetemeko dogo lilitokea kina cha kilomita 4.37, muulize stesheni ilikuwa wapi. Hiyo 37 baada ya nukta ni mapambo.

Tuje kwenye mlima. Menengai si kilima cha kuchezea. Ililipuka kwa majivu ya moto takriban miaka 29,000 iliyopita, na tena kama miaka 8,000 iliyopita, paa lake likaporomoka likaacha lile bonde ambalo watu husimama ukingoni kupiga picha. Lava nyeusi unayoiona sakafuni ilitoka baada ya hapo. Na moto haujaondoka. Visima kadhaa vya mvuke vimegonga mwamba ulioyeyuka kwenye kina cha takriban kilomita 2. Vipande vya mwamba vilivyopanda juu kutoka huko vilikuwa na kioo kibichi, yaani magma iliyoganda ghafla ilipokutana na maji ya kuchimbia. Nimewahi kuona wageni wakiruka waliposikia hilo, lakini ukitaka mvuke wa kuzalisha stima, joto lazima litoke mahali.

Joto hilo ndilo linaloipa mitetemo midogo maana. Sukari nguru ikiwa baridi hukatika kwa mlio, ikiwa moto huvutika tu bila sauti, na mwamba hali yake ni hiyohiyo. Kwa hiyo chini ya kaldera kuna kina fulani ambapo mitetemo hukoma, si kwa sababu hakuna kinachosogea bali kwa sababu mwamba umekuwa wa moto kiasi cha kutopasuka. Ukichora mitetemo ya miaka kadhaa kwenye karatasi ya graph, kina upande mmoja na umbali upande wa pili, sakafu ya vitone hivyo inakuonyesha joto lilipo, na mara nyingi inainuka katikati ya kaldera. Mawimbi ya S nayo yana ushuhuda wao. Hayapiti ndani ya kimiminiko, kwa hiyo stesheni ikipokea P safi na S iliyochakaa au isiyokuwepo kabisa, unajua njiani kuna kitu kilaini. Wachunguzi wa Olkaria, kwenye visima vya mvuke karibu na Naivasha, walikuwa wakiisoma mitetemo kwa namna hii tangu miaka ya 1990. Kwa ufupi, Mwalimu, vishindo vingi vidogo vya kawaida kwenye volkano yenye joto ni habari za ramani, si habari za hatari.

Hatari ingefananaje? Hapa ndipo natofautiana na watu wanaohesabu. "Matetemeko mia kwa wiki!" huniambia kidogo sana. Yellowstone kule Marekani hupata kati ya 1,500 na 2,500 kwa mwaka wa kawaida na watalii wanaendelea kula aiskrimu. Mimi huuliza yako wapi na yanaelekea wapi. Magma ikisukuma njia yake ndani ya mwamba baridi, mitetemo huhama nayo, siku kwa siku, kwenye mstari au kwenda juu. Huonekana pia mitetemo ya aina nyingine, ile inayoyumba polepole bila mruko mkali wa mwanzo, ambayo hutokana na gesi au kimiminiko kupita kwenye nyufa. Na mitetemo ikianza kutokea chini ya ile sakafu niliyoitaja, mahali ambapo mwamba kwa kawaida huvutika, ujue unasukumwa haraka mno hata ukashindwa kuvutika. Hilo likitokea, hata likiwa tetemeko moja la ukubwa wa 1.5, mimi sitalala.

Mfano wa jirani ni Ziwa Natron, Julai 2007. Mitetemo ilianza kwa makundi, na tarehe 17 likapiga la 5.9. Nairobi watu walishuka kwenye maghorofa wakasimama barabarani. Ilikuwa magma inajipenyeza kama ukuta mwembamba chini ya ardhi karibu na mlima Gelai, na haikutoka hapo. Septemba, Ol Doinyo Lengai ya jirani ikaanza kulipuka kwa nguvu. Ethiopia nako, kuanzia Septemba 2024 hadi mapema 2025, eneo la Fentale na Dofen lilitikisika kwa miezi, makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa, na magma ikabaki chini. Fentale ni kaldera katika Bonde la Ufa hilihili letu.

Lakini mfano ninaoupenda, kwa sababu haumpendezi mtu yeyote, ni Rabaul huko Papua New Guinea. Kati ya 1983 na 1985 kaldera hiyo ilitoa maelfu ya mitetemo kwa mwezi, ardhi ikainuka, mipango ya kuhama ikatayarishwa, uchumi wa mji ukayumba. Haikulipuka. Miaka kama tisa baadaye, Septemba 1994, ilitetemeka kwa nguvu saa 27 hivi tu, kisha pande mbili za kaldera zikalipuka kwa pamoja na majivu yakaufunika mji. Watu wengi mno walipona kwa kuwa walishajifunza njia ya kutokea miaka ile ya hofu. Hivyo, kwa swali lako la mwisho: ndiyo, anayesikiliza anaweza kukuambia kwamba kuna kitu kinasogea. Kama kitatoka, na lini, mara nyingi hataweza kukuambia, na anayekuahidi tarehe mkimbie.

Ndiyo sababu mitetemo haisomwi peke yake. Setilaiti za rada hupima ardhi ikipanda au kushuka kwa sentimita. Kati ya 1997 na 2000 Menengai na Suswa zilishuka kwa sentimita kati ya 2 na 5. Longonot ilipanda kama 9 kati ya 2004 na 2006, na Paka, kule Baringo, ilipanda kama 21 kati ya 2006 na 2007. Hakuna iliyolipuka. Volkano zetu hupanda na kushuka, na kabla ya setilaiti hakuna aliyejua.

Majirani wanaolaumu visima nao wasidharauliwe. Visima vinaweza kusababisha mitetemo: maji baridi yakirudishwa ardhini, mwamba wa moto husinyaa na nyufa huteleza, kwa kawaida kwa kiasi ambacho ni vyombo tu vinavyohisi. Ya kutisha yametokea kwingine, mahali ambapo maji yalisukumwa kwa nguvu kuupasua mwamba: Basel, Uswisi, mwaka 2006 lilitokea la 3.4 na mradi ukafa. Pohang, Korea Kusini, mwaka 2017 lilitokea la 5.5 na nyumba zikaharibika. Menengai mvuke umo tayari kwenye nyufa za asili, kwa hiyo kuupasua mwamba namna hiyo si msingi wa kazi yake. Tena kuna jambo jingine ambalo si tetemeko kabisa. Kisima kikifunguliwa ili kupimwa hunguruma, na mngurumo mzito huo hutikisa madirisha kupitia hewani. Huo hudumu kwa saa nyingi. Wenu ulidumu sekunde, kwa hiyo huo nauondoa. Kama mitetemo ilitokana na maji yaliyorudishwa, vitone vyake vitakuwa vimejikusanya kuzunguka kisima husika na saa zake zitalingana na saa za kusukuma maji. Ni jambo la kulinganisha karatasi mbili, na ni haki ya wakazi kuuliza lifanyike.

Ila Mwalimu, ningekuwa na shamba Bahati, nisingelala nikiuwazia mlima ulio upande wa Nakuru. Ningegeuka nikatazama upande wa pili, Subukia. Tarehe 6 Januari 1928 ufa wa Laikipia na Marmanet uliteleza, tetemeko la 6.9, kubwa kuliko yote yaliyopimwa nchini, na ardhi ikapasuka juu kwa takriban kilomita 38. Wakati huo nyumba za mawe zilikuwa chache. Leo jaza mwenyewe picha hiyo, ghorofa kwa ghorofa. Tetemeko kama hilo halihitaji magma yoyote, Bonde la Ufa linapanuka kwa milimita chache kila mwaka na deni hulipwa siku moja. Hivyo fundi wako akisema linta izunguke juu ya milango na madirisha tu ili kuokoa simiti, mwambie aizungushe nyumba nzima, na nondo zikutane vizuri kwenye kona. Tangi la maji lililo juu ya mnara wa mbao lisielekee chumba cha watoto.

Na darasa lako lina kazi ambayo hata GDC haiwezi kuifanya bila watu. Mtetemo ukitokea tena, kila mwanafunzi aandike saa, dakika na sekunde kwa kutazama simu, si saa ya ukutani. Aandike alikuwa amelala, ameketi au anatembea. Kishindo kilitangulia mtikisiko au vilikuja pamoja. Kitu gani kilisogea. Alikuwa nyumba ya mawe au ya mbao. Aandike hata kama hakusikia kitu, kwa maana hilo nalo ni jibu. Halafu wekeni vitone kwenye ramani: Bahati, Wanyororo, Solai, Lanet, Kiamunyi. Wakisikia wa Bahati na Wanyororo tu, tena kwa kishindo kikali, chanzo kiko karibu na si cha kina kirefu. Wakisikia hafifu lakini hadi Subukia na Njoro, chanzo ni kikubwa zaidi au kiko chini zaidi. Orodha hiyo ipelekeni kwa wataalamu wa mitetemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi na ofisi ya GDC iliyo hapo Nakuru. Wakiwa na saa kamili, kuitafuta sekunde hiyo kwenye rekodi ni kazi ya dakika chache. Zile tarehe za usiku wa mwezi uliopita, kama bado unazikumbuka, zitume leo.